Fizikia ya bodaboda: gurudumu lililovuka mpaka wa Busia

Wasomaji wangu wa siku zote mnajua ukurasa huu huwa ni wa programu, hifadhidata na wadudu wa kompyuta wanaotunyima usingizi. Leo naomba ruhusa niiache tarakilishi kidogo. Hivi karibuni kijana mmoja wa bodaboda hapa Matayos aliniomba nimtengenezee kitu cha kuhesabu kilomita anazokwenda kwa siku, maana mita ya pikipiki yake ilikufa zamani na hajui petroli inaishia wapi. Tukafunga sumaku ndogo kwenye gurudumu na kihisi pembeni yake. Gurudumu likizunguka mara moja, simu inahesabu moja. Programu yenyewe ni mistari isiyozidi 40 ya Python. Unazidisha idadi ya mizunguko kwa mzingo wa gurudumu, basi, kazi imekwisha.

Ila ukishaanza kuhesabu mizunguko ya gurudumu ukiwa Busia, historia nayo inaingia yenyewe bila kupiga hodi. Neno bodaboda, ambalo leo linatamkwa Dar es Salaam kama linavyotamkwa Kampala, lilizaliwa kwenye mpaka huu wetu, na waliolizaa ni siasa na fizikia kwa pamoja. Siasa zimeandikwa sana. Fizikia sijaona mtu akiigusa, na ndiyo inayonivutia mimi. Hesabu zitakuwepo, lakini ni za sekondari tu, msikimbie.

Kwanza mpaka wenyewe. Mpaka mwaka 1902 huku kwetu kote kulikuwa Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika hadi Naivasha, kisha Waingereza wakaukata na kuuhamishia upande wa pili, kwenye himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Mstari ukapita katikati ya Wasamia na katikati ya Wateso, na Busia ikawa miji miwili yenye jina moja. Malaba nayo, kaskazini yetu, ikagawanyika vivyo hivyo. Wakati wa mkoloni mstari huo haukuwa na uzito mkubwa kwa mwananchi wa kawaida, kwa sababu mtawala alikuwa mmoja pande zote. Uzito ulikuja baada ya uhuru, Uganda Oktoba 1962 na Kenya Desemba 1963, kila nchi ikataka forodha yake, muhuri wake na askari wake.

Sasa hapo ndipo penye jambo. Pale Busia, lango la Kenya na lango la Uganda yalikuwa yameachana kwa zaidi ya nusu maili. Tuseme mita 800. Eneo la katikati halikuwa na mwenyewe. Gari likitaka kulivuka lilihitaji makaratasi ya kimataifa, kwa hiyo basi kutoka Kisumu lilikushusha upande huu, na la kwenda Jinja lilikusubiri upande ule. Wewe na mzigo wako mlibaki kujisaidia. Baiskeli haikudaiwa makaratasi. Vijana waliokuwa na baiskeli wakaanza kuwaita wasafiri kwa Kiingereza kilichokatwa miguu: boda, boda! Yaani toka mpaka huu hadi mpaka ule. Hii ni miaka ya 1960. (Kule Sierra Leone kuna magari ya abiria yanayoitwa poda-poda, lakini hayana undugu na haya yetu.) Watu wa Malaba huwa wanadai kwamba kitu hiki kilianzia kwao. Mimi nina upendeleo, kwa hiyo nasema Busia na tunaendelea.

Haya, mita 800. Baiskeli iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ile nyeusi ndefu, ya Kiingereza kwa asili, Raleigh na ndugu zake, baadaye Hero kutoka India na Phoenix kutoka China. Kenya tuliibatiza blak mamba. Gurudumu lake ni la inchi 28, yaani kipenyo cha sentimita 71 hivi ukichukua na tairi. Zidisha kwa 3.14 upate mzingo wa mita 2.23. Kwa hiyo kutoka lango hadi lango gurudumu lilizunguka mara 359. Miguu ya mwendeshaji haikuzunguka mara 359, na hapo ndipo uerevu wa mnyororo unapoonekana. Tuchukue gia yenye meno 44 mbele na friwili yenye meno 18 nyuma. Gawanya: 2.44. Kila pedeli inapomaliza duara moja, gurudumu la nyuma limemaliza mawili na karibu nusu, na baiskeli imekwenda mita 5.45. Safari nzima ya kutoka nchi moja hadi nyingine ni mizunguko 147 ya miguu.

Nguvu hailetwi bure, lakini. Unachopata kwenye mwendo unakilipa kwenye uwezo wa kusukuma. Pedeli ina mkono wa sentimita 16.5. Mwendeshaji wa kilo 60 akiikanyaga kwa uzito wake wote, mkono ukiwa umelala sawa na ardhi, anatoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 97. Gia inaigawanya kwa 2.44, zinabaki karibu 40 kwenye ekseli ya nyuma. Gawanya tena kwa nusu kipenyo cha gurudumu na utakuta tairi linaisukuma ardhi kwa nyutoni 112 tu. Hicho ndicho kilele. Pedeli ikiwa juu kabisa au chini kabisa uzito hausaidii kitu, kwa hiyo wastani wa mzunguko mzima ni kama nyutoni 71. Sasa weka abiria wa kilo 70 na baiskeli ya kilo 20: jumla kilo 150. Nyutoni 71 zinaweza kuupandisha mzigo huo kwenye mteremko usiozidi mita 5 kwa kila mita 100, na bado hatujahesabu msuguano wa barabara.

Ndiyo maana abiria wa zamani mnakumbuka neno "shuka kidogo tupandishe". Mwendeshaji hakuwa mvivu. Hesabu ilikuwa imemkataa.

Na ndiyo maana, kwa maoni yangu, bodaboda ya baiskeli ilienea kule ilikoenea. Tazameni ramani. Ilishika Busia, ikashika Tororo na miji ya mashariki mwa Uganda, ikashika Kisumu kando ya ziwa, mahali ambapo ardhi imelala au inapanda kwa upole. Kampala ya vilima iliitumia kwa kiasi, na ikawa ya kwanza kuihamishia bodaboda kwenye pikipiki, miaka ya 1990. Wanahistoria watakuambia sababu ni mtaji na sera, na hawakosei, lakini kilima kina sera yake.

Baiskeli yenyewe ilikuwa imekamilika kabla hata ya reli kufika Kisumu mwaka 1901. James Starley wa Coventry alisajili gurudumu lenye spoki za kupishana mwaka 1874. Hans Renold alileta mnyororo wa vigurudumu 1880. John Kemp Starley, mpwa wa yule wa kwanza, alitoa baiskeli yenye magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na mnyororo nyuma mwaka 1885, na John Boyd Dunlop akaleta tairi la upepo 1888. Tangu hapo hakuna kikubwa kilichobadilika. Mtengenezaji wa programu akitaka kuona kitu kilichofika toleo la mwisho na kikakaa hapo, aangalie blak mamba.

Nikae kidogo kwenye spoki, kwa sababu zina siri. Nenda kwa fundi yeyote hapa sokoni umwombe gurudumu la mbele na la nyuma la blak mamba, uhesabu. Mbele 32, nyuma 40. Huo ni mtindo wa Waingereza wa zamani, na sababu ni kwamba uzito mwingi uko nyuma. Walipoubuni hawakuwa wakimfikiria mama wa Busia amekaa kwenye karia na debe la mahindi mapajani, lakini ulimfaa. Tena tazama jinsi spoki zilivyofungwa: haziendi moja kwa moja kutoka kitovuni kama miale ya jua, zinatoka kwa kuegemea, zikipishana. Mnyororo unapovuta kitovu kuzunguka, spoki ya wima isingekuwa na namna ya kuuvuta rimu. Ingepinda tu. Iliyoegemea inavuta kama kamba. Hilo ndilo wazo la 1874, nalo bado linabeba watu.

Rimu pia ina gharama yake. Chuma kikiwa kwenye ukingo wa gurudumu kinafanya kazi mbili: kinasonga mbele pamoja na baiskeli, na wakati huo huo kinazunguka. Ukipiga hesabu ya nishati utakuta gramu moja ya rimu inamgharimu mwendeshaji sawa na gramu mbili za fremu kila anapoondoka kutoka kusimama. Na mwendeshaji wa bodaboda alikuwa mtu wa kuondoka na kusimama kutwa nzima.

Sasa tufike kwenye duara lenyewe, maana ndipo watu wengi, hata waliosoma, wanapochanganyikiwa. Tunaambiana kwamba kitu kinachozunguka kinasukumwa nje. Nenda kamtazame mnoa visu. Baiskeli yake imesimama kwenye stendi, anapiga pedeli, mnyororo au mkanda unazungusha jiwe la kunolea. Anapoliegemeza panga, cheche zinaruka. Zinaruka wapi? Kama zingekuwa zinasukumwa nje kutoka kitovuni, zingetoka kama miale, pande zote. Hazifanyi hivyo. Zinatoka kwenye ncha ya mguso na kwenda kwa mstari ulionyooka, ule mstari unaoligusa duara pembeni bila kulikata. Cheche haikusukumwa na mtu. Imeachiwa tu. Kilichokuwa kinatakiwa ni kani ya kuivuta ndani, kuelekea kitovu, ili iendelee na duara, na kani hiyo ilipokosekana cheche ikaendelea na safari yake iliyonyooka kama Newton alivyoandika mwaka 1687.

Matope ni cheche za maskini. Baiskeli ikienda kilomita 15 kwa saa, tope lililonata kwenye tairi linahitaji kuvutwa kuelekea kitovu kwa kani mara 5 ya uzito wake ili libaki pale. Ukienda kilomita 30, mwendo mara mbili, haihitaji mara 10, inahitaji mara 20. Kani inakua kwa mraba wa kasi. Tafadhali likumbukeni neno hilo, mraba, kwa sababu mbele litakuja kutugharimu kuliko suruali iliyochafuka. Kwa matope tuna madigadi.

(Kitu kingine kinachonifurahisha: gurudumu linapobingirika, ile sehemu inayogusa ardhi imetulia kabisa kwa nukta ile. Haisogei. Sehemu ya juu kabisa inakwenda kasi mara mbili ya baiskeli. Niliwahi kuibishania hoja hii jioni nzima na watu wenye akili timamu.)

Turudi kwenye historia. Miaka ya 1970 mpaka ulibadilika sura. Idi Amin aliwafukuza Waasia 1972, maduka ya Uganda yakakauka, na uchumi wote ukahamia kwenye kitu kilichoitwa magendo. Julai 1975 baridi kali iliua mibuni Brazil, bei ya kahawa duniani ikapaa, na kahawa ya Uganda ikaanza kumiminika Kenya kwa njia zisizo na muhuri. Chepkube, kwenye miteremko ya Elgon, ndiyo ilikuwa maarufu kuliko zote miaka ya 1976 na 1977. Februari 1976 Amin alidai magharibi ya Kenya yote ni yake, 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Desemba 1987, Amin akiwa ameshaondoka miaka minane, majeshi ya nchi mbili yalifyatuliana risasi hapa hapa Busia. Katika yote hayo watu waliendelea kuvuka, na vitu viliendelea kuvuka: sabuni, chumvi, sukari, mafuta ya taa. Gari lilizuiwa, baiskeli ilipenya.

Kilichofuata ndicho ninachokiona kikubwa kuliko vyote katika habari hii, na hakikufanywa na watu wenye miguu mizuri.

Kuna watu hapa mpakani, wengi wao walipata polio utotoni, ambao hawangeweza kupanda blak mamba. Walikuja na baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Pedeli imepandishwa kifuani, mnyororo unazungusha gurudumu, na kuna nafasi ya kuweka mzigo. Zilikusudiwa kumtoa mtu nyumbani hadi kanisani au shuleni. Busia ziligeuzwa lori. Askari wa forodha waliona aibu, au huruma, au vyote viwili, kumsimamisha mtu wa namna hiyo na kumpekua, na wafanyabiashara wakaligundua hilo mapema. Watafiti Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliwaandika watu hawa katika kazi yao iliyotoka 2007, jinsi magurudumu matatu yalivyowapa kipato, na pamoja na kipato wakapata nyumba, ndoa na heshima ya kuitwa mtu mwenye shughuli. Mtu aliyehesabiwa kuwa mzigo wa familia sasa ndiye aliyekuwa anabeba mzigo.

Kifizikia ni chombo tofauti kabisa na baiskeli, na kigumu zaidi kukiendesha kuliko kinavyoonekana. Kwanza mikono haina nguvu kama miguu. Huwezi kuukanyaga mkono kwa uzito wa mwili wako wote. Pili kona. Baiskeli ya magurudumu mawili ikiingia kwenye kona inalala ndani. Haina budi kulala, maana ardhi inalisukuma tairi kuelekea katikati ya duara, na usipolala utapinduliwa nje. Ya magurudumu matatu haiwezi kulala. Imesimama wima kama meza. Kwa hiyo kinachoamua kama itapinduka ni vitu viwili: upana kati ya magurudumu, na urefu wa pale uzito wote ulipokusanyika. Chukua upana wa sentimita 80 na magunia yamepangwa juu mpaka kitovu cha uzito kiko mita moja kutoka chini. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 5, kilomita 16 kwa saa inatosha kuliinua gurudumu la ndani. Na kwa kuwa mbele kuna gurudumu moja tu, ukweli ni kwamba linainuka mapema zaidi ya hapo. Shusha mzigo huo huo hadi sentimita 60 na kasi hiyo inapanda hadi karibu 21. Ndiyo sababu sukari iliwekwa chini na sponji au nguo juu. Hakuna aliyewafundisha mlinganyo, lakini walikuwa wanautumia kila siku.

Baiskeli ya kawaida, kwa upande mwingine, inasimamaje? Jibu la vitabu vingi ni kwamba magurudumu yanayozunguka yanakataa kuinama, kama pia. Ni kweli yanakataa, kidogo. Lakini mwaka 1970 Mwingereza David Jones alijaribu kutengeneza baiskeli isiyopandika, akaongeza gurudumu la kuzunguka kinyume ili kuufuta ukaidi huo, na bado akaipanda. Mwaka 2011 kundi la watafiti wa Uholanzi na Marekani walitengeneza baiskeli ndogo ambayo athari hiyo ilikuwa imefutwa kabisa, nayo ilisimama yenyewe ikisukumwa. Kazi kubwa inafanywa na usukani: unapoanza kuangukia kushoto, gurudumu linageuka kushoto, baiskeli inaingia kwenye kiduara kidogo, na kiduara hicho kinakurudisha juu. Mwendeshaji anaandika viduara hivyo bila kujua, kimoja baada ya kingine, kutoka lango hadi lango. Mvua ikiwa imenyesha unaweza kuzisoma alama zake kwenye udongo, ni mstari wa nyoka.

Hapo ndipo abiria anapoingia. Pembe ya kulala kwenye kona haitegemei uzito. Hili huwashangaza wengi. Ukiwa peke yako au umembeba mtu wa kilo 100, kwa kasi ile ile na kona ile ile, mnalala pembe ile ile, kwa sababu uzito uko pande zote mbili za mlinganyo na unajifuta. Lakini hiyo ni kama abiria analala pamoja nawe. Akina mama wengi walikaa upande kwenye karia, miguu yote kushoto, kwa heshima ya gauni. Uzito umeshahama kabla hamjaondoka, na mwendeshaji alilazimika kupanda akiwa ameinama kidogo upande wa pili hata kwenye barabara iliyonyooka. Kwenye kona, abiria mwoga anajivuta nje wakati mwendeshaji anakwenda ndani. Mzee mmoja aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi aliniambia, "Kijana wangu, mteja mzito si tatizo. Tatizo ni mteja anayekusaidia kuendesha."

Nimesema uzito haubadili pembe. Kasi inabadilisha, na kwa mraba. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 10: kwa kilomita 15 kwa saa unalala digrii 10, hata hutambui. Kwa 30 unalala digrii 35. Kwa 45 ungepaswa kulala digrii 58, na hakuna tairi la kawaida kwenye lami ya kawaida linaloweza kukushika hapo. Blak mamba na abiria haikuwa na uwezo wa kufika huko kwenye tambarare. Binadamu anaweza kutoa wati 75 hadi 100 kwa muda wa saa nzima. Udhaifu huo ulikuwa breki isiyoonekana.

Kufikia 2008 serikali ya Kenya ilikuwa imeondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki za chini ya cc 250, na pikipiki za India na China zikafurika. Cc 100 inatoa kilowati 5 au 6, yaani watu 60 wanapiga pedeli kwa pamoja. Vilima vikafutwa kwenye ramani. Matayos hadi kijiji chochote cha ndani ikawa dakika chache, wagonjwa wakafika hospitali usiku, vijana wakapata kazi, na mimi siungani na wanaoimba kwamba zamani kulikuwa bora. Lakini walioshika pikipiki hizo wengi walikuwa wamejifunza kona kwenye baiskeli. Mwili wao ulijua duara la kilomita 15 kwa saa. Kule Kampala kampuni ya SafeBoda ilianza 2014 na kofia ngumu na mafunzo ndani ya programu ya simu, na kama mtengenezaji wa programu naliheshimu wazo hilo. Tena simu yenyewe ina kijidude cha silikoni kinachopima mzunguko, kwa hiyo inaweza kujua pikipiki imelala kiasi gani. Kuipunguza kasi ni jambo jingine.

Wakati huo huo lile eneo lisilo na mwenyewe lilikuwa linatoweka. Tarehe 24 Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha forodha Busia, ambapo unapita dawati la nchi zote mbili mahali pamoja. Malaba nayo ina cha kwake. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Jumuiya zisizozidi dola 2,000 anajaza fomu rahisi na kupita bila ushuru, jambo ambalo ni jema, ila lilipunguza faida ya kumtumia mtu asiyepekuliwa. Baiskeli bado zipo, zinabeba mayai, mkaa, makreti, mitungi ya maji. Abiria wengi wamehamia kwenye pikipiki.

Basi nifanye hesabu ya mwisho, kwa ajili ya pikipiki. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 30, aina iliyojaa kwenye barabara zetu. Lami kavu na tairi zuri vinaweza kukushika kwa kani ya kama asilimia 70 ya uzito wako. Zidisha 0.7 kwa 9.8 kwa 30, tafuta kipeuo cha pili: mita 14.3 kwa sekunde, karibu kilomita 52 kwa saa. Hapo huna akiba yoyote. Sasa mvua ya saa tisa imenyesha, na lori limemwaga udongo kidogo kwenye lami. Mshiko ukishuka hadi asilimia 30, kona ile ile inaruhusu kilomita 34. Abiria mmoja au watatu, haijalishi, uzito umejifuta. Ukiingia na 35 mstari wako ni ule wa cheche.